Yadi Sitini na Nane

Wilma Terpstra aliisoma ile barua pepe mara ya tatu, akavua miwani, akailaza juu ya karatasi.

"Nani mwingine ameisoma hii?"

"Mimi, wewe na Joanne," alisema Marvin Sietsma, mkurugenzi wa michezo wa Chuo cha Ebenezeri. "Na kamati. Bi Wilma, huko nje hakuna aliyeona hata mstari mmoja. Wanajua tu kwamba tumenyang'anywa."

"Hamkunyang'anywa. Mliomba, halafu mkakataa wenyewe."

"Hatukukataa!" Joanne Kuiper, kocha wa wasichana, alikuwa amesimama karibu na dirisha, filimbi ikining'inia shingoni. "Nani akatae kitu kama hicho? Nimewaahidi wale mabinti mechi ya nyumbani tangu wako mwaka wa kwanza."

Mambo yalikuwa hivi. Jana Jumatatu, saa sita mchana, kamati ilitangaza droo ya mchujo wa soka wa vyuo vidogo. Wasichana wa Ebenezeri walikuwa wamejazana ukumbi wa chakula, na nusu ya mji wa Nieuwland nyuma yao na vikombe vya kahawa, wakingoja kuona jina la chuo chao likifuatwa na neno moja tu: mwenyeji. Walikuwa na ushindi kumi na saba, sare moja, wamefungwa mara moja. Kwenye orodha ya mkoa walikuwa wa pili. Jina likatokea, lakini chini ya chuo cha Ohio, maili mia nne na themanini kwa basi. Kabla watu hawajamaliza kuguna, ikaja droo ya wanaume. Mwenyeji: Ebenezeri.

Hapo ndipo ukumbi ulipomgeukia Rick Haverkamp, kocha wa wanaume. Kwa maana kila mtu pale anaijua kanuni. Chuo kimoja hakiwezi kupokea mchujo wa wanaume na wa wanawake wikendi moja. Timu zote mbili zikistahili, wanapeana zamu mwaka kwa mwaka, na mwaka huu zamu ilikuwa ya wanawake. Mwanamke akijitoa, mwanaume anaingia.

Wilma alivaa miwani tena, akasoma kwa sauti. "'Kwa kamati ya mkoa. Chuo cha Ebenezeri kinaondoa ombi lake la kupokea mchujo wa wanawake. Uwanja wetu una upana wa yadi sitini na nane, na kanuni inataka sabini. Tunaomba radhi kwa usumbufu.' Imetumwa Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini alasiri, kwa anwani ya ofisi. Nani ana neno la siri la hiyo anwani?"

Marvin akainua simu ya mezani. Chini yake palibandikwa kipande cha karatasi, neno la siri limeandikwa kwa kalamu nyekundu.

"Aisee," alisema Wilma.

Alikuwa amefanya kazi ya upelelezi kwa sherifu wa kaunti miaka ishirini na sita, akastaafu, akamzika mumewe Harold mwaka huohuo. Alikuwa amekwishaona kasha la benki lisilo na kufuli. Hakushangaa sana.

"Kamati wanasemaje?"

"Mwenyekiti ni muungwana," Marvin alijibu. "Amesema tukileta barua yenye jina la aliyetuma, na kwamba alituma bila ruhusa, watahamisha kundi letu lije hapa. Timu zilezile nne, uwanja tu ndio ubadilike. Ijumaa na Jumamosi, maana wanajua hatuchezi Jumapili. Lakini mwisho ni leo saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo Ohio wanaanza kuuza tiketi."

Saa ya ukutani ilisema saa saba na robo.

"Jina lazima?"

"Lazima. Bila jina, amesema, kila chuo kilichokosa kitadai barua yake ilitumwa na shetani."

Joanne akacheka kidogo, bila furaha. "Jina si tunalo? Liko chumba cha pili kushoto, linakula sandwichi."

"Kocha," Wilma alimwambia, "nenda kafundishe."

*

Rick Haverkamp kweli alikuwa anakula mkate wa nyama ya nguruwe. Hakusimama. Alisukuma kiti cha pili kwa mguu.

"Karibu, Bi Wilma. Nimekuwekea kiti tangu jana. Pingu umekuja nazo?"

"Zilibaki kwa sherifu. Ijumaa saa tisa na dakika arobaini ulikuwa wapi?"

"Kwenye basi, naenda fainali ya ligi yetu, na vijana ishirini na nane wananuka soksi."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Basi basi halikusaidii."

Rick akafuta haradali kidoleni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, amekuja Nieuwland miaka miwili tu iliyopita kutoka Nebraska, na mji ulikuwa bado unamwita mgeni.

"Nikwambie ukweli?" alisema. "Wivu ninao. Usinitazame hivyo, ninao, na mke wangu anaujua. Mimi pia nina ushindi kumi na sita. Wasichana wakicheza, mji mzima unakuja, wamebeba mablanketi na supu. Nikicheza mimi wanakuja wazazi na mbwa wawili. Jana nilipoona 'mwenyeji' nilirusha kofia juu. Halafu nikaona nyuso zao. Nikaiokota kofia yangu, nikatoka."

"Ungetaka kamati iwanyime, ungewaambia nini?"

"Mimi? Vyumba vya kubadilishia." Hakufikiria hata kidogo. "Timu nne, vyumba viwili, bomba moja linatoa maji ya kutu. Na huo si uongo hata. Nimemwandikia Marvin mara tano."

"Usingesema uwanja?"

"Uwanja una nini? Uwanja ndicho kitu pekee chenye akili katika chuo hiki. Mpana, umenyooka. Nafundishia hapo kila siku."

Wilma akaandika neno moja kwenye daftari lake, akaliweka mkobani. Mlangoni akageuka.

"Nikimpata mtu huyo, wewe ndiye utakayesafiri, Kocha. Unalijua hilo?"

"Wisconsin," alisema Rick. "Nimeshaangalia ramani." Akaumega mkate. "Mtafute tu. Nimechoka kutazamwa kama mwizi wa sadaka."

*

Nyasi za uwanja zilikuwa bado na umande wa baridi upande wa kivuli. Gerrit Boonstra, mtunza uwanja, alikuwa anapiga rangi mistari kwa kile kigari chake cha matairi matatu, na hakukisimamisha mpaka alipofika kwenye kibendera cha kona.

"Upana wa uwanja huu ni yadi ngapi, Gerrit?"

"Sabini na nne."

"Una hakika?"

Gerrit alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. Akaenda kibandani, akarudi na tepu ndefu ya kupimia, akampa Wilma ncha aishike. Wakapima. Sabini na nne, na inchi mbili juu.

"Zamani je?"

"Zamani ulikuwa sitini na nane. Kule," Gerrit alionyesha kwa kidevu, "upande wa miti. Ule uzio ulikuwa hapa tuliposimama. Tazama chini, utaona nyasi zinabadilika rangi. Huo ndio mstari wa zamani. Tulikata kilima, tukasogeza uzio yadi sita."

"Lini?"

"Kiangazi kile Joanne alipopewa timu. Miaka minne sasa. Hakutaka kuipokea kazi mpaka uzio usogezwe. Marvin akamwambia tuzungumze mwakani, yeye akasema basi mnitafute mwakani." Gerrit akacheka, meno mawili hayapo. "Alisema hataki binti mwingine alie kwenye basi kama alivyolia yeye. Unakumbuka? Ule mwaka Joanne ni nahodha, walikuwa wa kwanza kwenye orodha, wa kwanza! Kamati ikawanyima kwa ajili ya yadi mbili. Wakapelekwa Minnesota, wakatolewa kwa penalti, theluji inawaingia machoni."

"Kocha akiwa Delores Brinks."

"Dee, ndiyo. Miaka kumi na moja aliimba wimbo huohuo: panueni uwanja, panueni uwanja. Goti lilipomshinda akaacha, wakaupanua." Akainama kufungua kopo la rangi. "Hajauona mpaka leo, nadhani. Sijawahi kumwona huku."

Wilma alibaki ameshika ncha ya tepu. Namba ya sitini na nane haikuwa namba ya kubuni. Anayebuni, na uwanja anaujua, hachagui jambo ambalo mzee mwenye tepu atalivunja kwa dakika mbili. Iliandikwa na mtu aliyeamini ni kweli. Mtu aliyeujua uwanja ule vizuri sana, mpaka siku fulani, halafu basi.

"Gerrit, niazime hii tepu."

"Nirudishie kabla ya jioni. Na usiiviringe vibaya."

*

Chumba cha Delores Brinks kilikuwa mwisho kabisa wa korido, na dirisha lake lilitazama maegesho ya magari. Alikuwa mtunza kumbukumbu wa idara: usajili wa wachezaji, vyeti vya daktari, karatasi. Marvin alishamwambia Wilma kwamba miaka minne iliyopita walimpa chumba kikubwa zaidi, chenye dirisha la kuelekea uwanjani, naye akaomba hiki.

"Wilma! Ingia, funga mlango, baridi hiyo." Alikuwa ametoa keki za lozi kwenye kopo. Waliinamisha vichwa wote wawili, wakaomba kimya, kila mmoja akachukua yake. Walikuwa wanakaa benchi moja kanisani, la tatu upande wa kulia, tangu mazishi ya Harold.

Mlango ulipofungwa, ilionekana picha iliyotundikwa nyuma yake. Timu ya miaka tisa iliyopita. Delores katikati, mkono wake begani kwa msichana mwenye nywele za kusuka mbili.

"Joanne huyo," alisema Wilma.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu." Delores alitabasamu upande mmoja. "Alikuwa anapiga mpira kwa ncha ya kidole kama anaua mende. Sasa anahojiwa redioni. Ushindi kumi na saba, mabao sitini na moja, kafungwa manane. Nawe unadhani anamtaja aliyemfundisha?"

"Unazifuatilia namba zake."

"Kazi yangu ni karatasi. Karatasi zinapita hapa."

"Mechi huendi?"

"Tangu nilipoiacha timu sijakanyaga uwanja ule. Hata unyayo. Mwaka wa kwanza nilingoja anialike. Hakuja. Nikasema vema, ana mambo mengi."

Wilma akala keki yake polepole. Nje, gari la maziwa liliingia maegesho, likatoka.

"Dee, nisaidie jambo. Mimi mambo ya soka siyajui. Wanaamuaje nani awe mwenyeji?"

Delores akanyooka kitini. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayesimama mbele ya ubao.

"Kwanza wanapanga nani mkubwa kwa nani. Umeshinda mechi ngapi, na uliowashinda nao ni watu au ni majani. Timu mbili zikilingana, wanatazama zilipokutana, au zilivyocheza na timu moja ileile. Halafu ndipo mahali. Kuwa wa juu hakutoshi! Lazima uwe umeomba. Lazima wageni waweze kufika kwa basi, maili mia tano, chama hakipendi ndege. Na lazima uwanja upimwe ukubalike. Urefu, na upana yadi sabini."

"Na wetu?"

"Wetu sitini na nane. Tuliambiwa kwa barua, mara tatu."

Alisema hivyo kwa urahisi, kama mtu anayetaja umri wake. Wilma aliendelea kutafuna keki yake.

"Kwa hiyo Joanne alipoomba, aliwadanganya kamati."

"Aliandika sabini na nne." Delores alikunja midomo. "Nimeiona fomu, ilipita hapa. Sabini na nne! Mimi nilikaa mezani usiku na mchana miaka kumi na moja, sikuongeza hata inchi. Ningeweza. Nani angekuja na rula? Nilikuwa wa kwanza kwenye orodha, Wilma, na nilisema kweli, nikapelekwa kwenye theluji. Yeye anaandika uongo, anapewa bendi ya tarumbeta."

 Delores aliitazama keki mkononi mwake, halafu akamtazama Wilma, na taratibu akaelewa alikuwa anazungumza na nani.

"Mimi sisemi uongo," alisema. "Unanijua. Tunakaa benchi moja."

"Nakujua. Ndiyo maana nimekuja kwako mwisho." Wilma akafungua mkoba, akatoa ile tepu. "Vaa koti."

*

Saa ilikuwa kumi na robo walipolizunguka jengo la mazoezi na kupita kwenye ile miti ya mierezi. Delores alitembea kwa goti lake bovu, mkono mmoja ukigusa ukuta. Ukuta ulipokwisha, akasimama.

Wasichana walikuwa mazoezini upande wa mbali, wamevaa kofia za sufu. Hakuwatazama wao. Alitazama uzio.

"Uko wapi mlima?"

"Waliukata. Shika hapa." Wilma alimpa ncha ya tepu, akamwacha kwenye mstari wa pembeni, akavuka uwanja akiifungua hatua kwa hatua mpaka mstari wa pili. Aliivuta ikanyooka. "Njoo usome mwenyewe!"

Delores akaichomeka ncha ardhini kwa kijiti cha kibendera, akaja. Alichukua muda mrefu kuvuka. Akainama, mkono kwenye goti, akasoma. Akapangusa tepu kwa kidole gumba, akasoma tena.

"Sabini na nne."

"Na inchi mbili," alisema Wilma.

"Lini?"

"Kiangazi ulichoondoka."

"Niliwaomba miaka kumi na moja." Sauti ilikuwa ndogo. "Nimeondoka tu, mlango sijaufunga vizuri, wakampa. Kwa nini yeye?"

"Hawakumpa. Aligoma. Aliikataa kazi mpaka wausogeze. Alisema hataki binti mwingine alie kwenye basi kama alivyolia yeye."

Delores aligeuka. Alirudi kwa miguu hadi pale Gerrit alipoonyesha, nyasi zilipobadilika rangi. Alipaona bila kuambiwa. Akasimama juu ya ule mstari wa zamani, mgongo umenyooka, kisha akaanza kupiga hatua kuelekea uzio mpya, akihesabu. Moja. Mbili. Ya pili alisimama kidogo. Tatu. Nne. Tano. Sita.

"Nilidhani namrekebisha," alisema, bila kugeuka. "Ijumaa, nilidhani nasema kweli ambayo yeye kaificha. Nilijiambia hivyo. Nilipobonyeza kutuma nilikuwa nimetulia kabisa, kama niliyetoka kuomba."

"Ungetaka kusema kweli tu, ungemwendea Marvin ofisini kwake. Ni milango mitatu."

Hilo lilimwingia. Delores alifumba macho.

"Ndiyo," alisema. "Ni milango mitatu."

Wilma alitazama saa. Kumi na dakika thelathini na tano. "Wanataka jina, Dee. Ninaweza kuliandika mimi. Marvin anaweza pia."

"Joanne ataliona?"

"Ataliona."

"Basi ningojee kidogo. Nipe—"

Kutoka upande wa mbali filimbi ililia. Joanne Kuiper alikuwa ameinua mkono kuwasimamisha wasichana, anakaza macho dhidi ya jua linalozama. Akatupa filimbi, ikamrudia kifuani kwa kamba yake, akaweka mikono mdomoni.

"Kocha!"

Wasichana wote wakageuka, wasielewe. Kocha wao ndiye huyo, anamwita nani?

"Kocha Dee! Umekuja!" Na akapunga mikono yote miwili juu ya kichwa, kama mtu aliye ufukoni anayeona jamaa zake wanashuka. "Mabinti, njooni! Njooni mumwone huyu! Huyu ndiye—" Upepo ukalichukua jina.

Walianza kuja, mbio, ishirini na wanne, Joanne mbele.

Delores Brinks alisimama ndani ya zile yadi sita. Akamnyooshea Wilma mkono, kiganja wazi, bila kumtazama.

"Kalamu," alisema. "Haraka, kabla hajafika."

Wilma akampa kalamu na daftari. Aliandika amesimama, karatasi ikiwa juu ya paja la mguu mzima. Aliandika jina lake kamili, na la ubatizo. Aliandika kwamba alituma bila ruhusa ya mtu yeyote. Alipofika kwenye upana wa uwanja, kalamu ilisita, kisha ikaandika sabini na nne, na inchi mbili.

Akaichana karatasi, akaikunja, akampa Wilma. Na Joanne akafika, akihema, akamkumbatia kwa nguvu mpaka kofia yake ikaanguka.

Wilma hakungoja. Alikuwa na dakika kumi na tisa, jengo zima la kulizunguka, na tepu ya Gerrit bado imenyooshwa uwanjani. Aliiacha hapohapo.

Saa kumi na moja kasoro dakika tatu Marvin alibonyeza kutuma. Saa kumi na moja na nusu jibu la kamati likaja, mistari miwili: kundi litachezwa Nieuwland, Ijumaa na Jumamosi. Chumba cha pili kushoto, Rick Haverkamp alisikika akimpigia simu mtu wa mabasi.

Wilma alikuwa ameketi koridoni, kwenye benchi, nakala ya barua imelala magotini, alipoingia Joanne. Nyasi zilikuwa zimeganda viatuni mwake, mashavu mekundu.

"Bi Wilma, umemwona? Miaka minne nimeogopa kumwalika, nilidhani ataona namringia. Amekuja mwenyewe! Nikamwomba Ijumaa aongee na mabinti kabla ya mechi. Hajasema ndiyo wala hapana. Amelia tu." Akaiona karatasi. Akanyoosha mkono. "Mmempata? Ni nani?"

Wilma aliishikilia karatasi muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akampa.